Udi na Neno: Zein l'Abdin katika Taarabu ya Mombasa

Katika taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970 liliko swali moja ambalo mwimbaji hakuweza kulikwepa: ataimba kwa lahani ya nani? Maneno yalikuwa yake mwenyewe, au ya malenga aliyemtungia, na lugha ilikuwa Kiswahili. Lahani, hata hivyo, zilikuwa zimetandazwa mbele yake kama nguo dukani, kila moja na asili yake na wapenzi wake. Zilikuwako za Misri, zilizoletwa na santuri na redio. Zilikuwako za Kihindi, zilizotoka katika sinema. Zilikuwako za ngoma za mitaani, hasa zile za wanawake arusini. Na zilikuwako za visiwani kaskazini, za Lamu na jirani zake, ambazo vijana wengi wa mjini walizihesabu kuwa za wazee.

Mmoja wa waliolijibu swali hilo mapema, na ambaye jibu lake halikubadilika kwa muda wa nusu karne, ni Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mwimbaji na mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016. Ni rahisi kumweleza kwa neno moja, kwamba alikuwa mlinzi wa mila, kisha shauri likaishia hapo. Lakini neno hilo linaficha zaidi ya linavyofichua. Ala aliyoipiga haikuwa ya wahenga wa Lamu. Lahani zake si zote zilizokuwa kongwe. Tena katika mji uleule na zama zilezile aliishi mwimbaji mwingine mkubwa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyeimba kwa lahani za Kihindi waziwazi, wala hakuna mwenye haki ya kusema kwamba yeye aliupoteza Uswahili wake. Yafaa basi kuuliza kwa makini zaidi: mwanamuziki anapobaki yuleyule huku mitindo ikimpita, ni kitu gani hasa kinachobaki?

Jibu haliwezi kupatikana bila ya kurudi nyuma kidogo. Muziki wa pwani haujawahi kuwa na siku ambayo haukuwa umeazima. Kabla ya taarabu kuitwa taarabu, nyimbo za kinanda ziliimbwa Lamu na Mombasa kwa kibangala, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa gambusi la Yemeni, mwili wake ukichongwa katika gogo moja na uso wake kuwambwa ngozi. Kibangala kilikuja na watu, kikakaa, kikapewa jina la Kiswahili, na baada ya vizazi kadhaa hapana aliyekumbuka kukiuliza kwao. Huko Unguja Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim Kairo kwenda kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kwa miaka mingi kiliiga ufundi wa Kairo. Kisha akatokea Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na kuanzia hapo Kiswahili kikawa lugha ya taarabu isiyohitaji kuomba radhi. Msomaji wa Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert hahitaji kuelezwa habari hizo kwa urefu.

Linalohitaji kusisitizwa ni jambo moja. Santuri za Siti zilifika Mombasa na Lamu zikapigwa katika mabaraza na maduka, na mpiga kinanda wa Lamu, ambaye kabla ya hapo alijilinganisha na mwenzake wa mtaa wa pili, sasa alijikuta akilinganishwa na sauti iliyopita Bombay. Redio ilipokuja jambo hilo lilizidi. Kituo cha Sauti ya Mvita kilitangaza kutoka Mombasa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na vituo vya ng'ambo, hasa vya Kairo, vilisikika usiku pwani nzima. Kuanzia wakati huo mtindo haukuwa tena jambo la kufika kwa jahazi, kupumzika, na kuzoeleka polepole. Ulifika jioni, na kesho yake watu walitaka kuusikia arusini.

Sinema za Kihindi ndizo zilizoleta wimbi lililo kubwa kuliko yote. Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya 1957 zilitazamwa Afrika ya Mashariki na watu wasiojua neno la Kihindi, na wengi wakatoka nje ya jumba la sinema wakiwa na lahani midomoni. Sauti za Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar zikawa kipimo cha uimbaji. Wapo waimbaji wa Mombasa waliozichukua lahani hizo na kuzitia maneno ya Kiswahili. Maulidi Juma alifanya hivyo pamoja na kuimba nyimbo zenye midundo ya ngoma za pwani. Lakini aliyeupa mtindo huo heshima yake ni Juma Bhalo, ambaye wapenzi wake walimwita Profesa.

Yako mengi yaliyosemwa dhidi ya mtindo huo, na mengi kati yake yalisemwa na watu waliostahili kusikilizwa. Walisema kwamba kuchukua lahani nzima ya mtu na kubandika maneno juu yake si utunzi bali ni uazimaji usiorudishwa. Walisema kwamba mtoto wa Mombasa atakua akidhani kwamba kilio cha Rafi ndicho kilio cha babu yake. Hoja hizo hazikosi uzito. Hata hivyo wasemaji wake hawakupenda kulitazama lile lililokuwa likiimbwa ndani ya lahani hizo. Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga wa ukoo wake, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitolewa Nairobi mwaka 1971 na inahesabika miongoni mwa vitabu vikubwa vya ushairi wa karne ya 20. Maneno hayo yalikuwa ya Kimvita kilichokomaa, yenye vina na mizani kamili, yenye mafumbo ambayo msikilizaji aliyahitaji siku tatu kuyafumbua. Mpenzi wa Bhalo aliondoka arusini akiimba lahani ya Bombay, ndiyo, lakini moyoni alikuwa amebeba ubeti wa Mvita.

Kwa kweli hapa ndipo panapofaa kupatazama kwa utulivu, kwa sababu ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la muziki. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, na kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu isipokuwa chache. Umbo hilo ni kama jahazi lisilochagua shehena: laweza kupakizwa lahani yoyote ambayo ina nafasi ya pumzi nane na kituo. Irabu ya mwisho hurefushwa bila ya kudhuru maana, na kibwagizo hukaa vizuri mahali pale ambapo wimbo wa sinema huweka sehemu yake ya kurudiwarudiwa. Ndiyo maana Bhalo hakupata taabu. Wale walioshambulia arudhi katika mabishano ya ushairi ya miaka ya 1970, wakiiita pingu, hawakufikiria jambo hili: mshororo uliopimwa ndio uliowawezesha waimbaji kupanda chombo cha mgeni na kushuka salama na mizigo yao.

Lakini kuna mahali ambapo lahani ya kuazimwa humsaliti mwenye kuiazima. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo si pambo. Neno barabara, likikaziwa katika silabi ya tatu, ni njia kuu. Likikaziwa katika ya pili, ni sawasawa, ipasavyo. Msemaji halikosei. Mwimbaji aliyefungwa na lahani iliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine huweza kulazimika kuinua sauti pale ambapo neno halitaki kuinuliwa, na msikilizaji, kwa nukta moja, hupoteza njia. Waimbaji hodari, na Bhalo alikuwa mmoja wao, walijua kulikwepa shimo hilo. Waigaji wao hawakujua, na baadhi ya nyimbo zilizofuata husikika kana kwamba zimeimbwa na mtu asomaye barua ya mwenziwe katika mwangaza hafifu.

Zein aliianza njia yake hapo hapo, katika uhusiano wa sauti na neno. Alizaliwa Lamu katika jamaa iliyothamini ushairi, katika mji ambao tenzi zilisomwa kwa sauti nyumbani na mtoto aliyajua mahadhi kabla ya kuzijua herufi. Mahadhi hayo hayakuwa yametungwa kwa ajili ya ala. Yalikuwa yametoka katika usomaji wenyewe: sauti hupanda pale maana inapopanda, hukaa kwenye kina, na hushuka pale mshororo unapofungwa. Mtu akizisikiliza rekodi za Zein akiwa na jambo hili akilini, atagundua kwamba mara nyingi udi unafuata mkondo wa usomaji huo. Huongoza, kisha hunyamaza au hujificha wakati neno linapotamkwa, kisha huja tena kulijibu. Mwimbaji hakimbizani na ala.

Na udi wenyewe? Neno hilo kwa Kiarabu maana yake ni mti tu, na mpiga udi wa Mombasa angeweza kutaniwa, kwa kuwa udi mwingine, ule wa kufukizwa, ulikuwa umewatangulia wote kwenye nyumba za arusi. Udi wa kupigwa ulikuja kuchukua nafasi ya kibangala kwa sababu una sauti pana zaidi, nyuzi zake zimepangwa kwa jozi, uso wake ni wa ubao wala si wa ngozi, na shingo yake haina vigawanyo, hivyo kidole huweza kuteleza baina ya sauti mbili kama vile sauti ya msomaji inavyoteleza. Kwa hiyo Zein, anayetajwa kuwa mhifadhi, aliacha ala ya babu zake akashika ala ya Kairo na Baghdad. Alikuwa hodari katika ala hiyo kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wapigaji bora wa Afrika ya Mashariki, na sifa yake ikafika hadi kwenye nchi za Kiarabu zilizo na wapigaji wake wengi. Tofauti baina yake na waigaji wa Misri ni kwamba hakuuchukua udi pamoja na nyimbo zake. Aliuchukua akaufunza Kiamu.

Kauli hii si ya kupamba. Katika Kiamu watu husema moya na si moja, yema na si jema, mato na si macho, nti na si nchi. Sauti hizo ni laini zaidi, na mwimbaji aliyeshika lafudhi hiyo hupata umbo la wimbo lisilopatikana kwa Kiswahili cha redio. Katika miaka iliyofuata uhuru ushawishi wa kuiacha ulikuwa mkubwa. Kiswahili sanifu kilikuwa ndicho lugha ya shule, ya mtihani na ya matangazo, na wasikilizaji wa bara, waliokuwa wengi kuliko wa pwani, hawangelielewa neno la Kiamu bila ya mfasiri. Mwanamuziki aliyetaka kusikika Nakuru na Kisumu alikuwa na kila sababu ya kulainisha lahaja yake. Zein aliendelea kuimba maneno ya kwao kama yalivyo. Hasara yake sokoni yaweza kukisiwa.

Alikuwa na washirika katika jambo hilo. Aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, yuleyule aliyemtungia Bhalo, na hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba kambi mbili za lahani hazikuwa kambi mbili za maneno. Muhimu zaidi ni ushirikiano wake na Sheikh Ahmad Sheikh Nabhany, mwanachuoni wa Lamu aliyeaga dunia mwaka 2017. Nabhany anajulikana na wengi kwa msamiati aliouunda. Neno runinga linanasibishwa naye. Lakini mtu huyo aliyetunga maneno ya vyombo vipya ndiye aliyekuwa hazina ya maneno ya kale, na katika Sambo ya Kiwandeo, iliyotolewa mwaka 1979, aliandika kwa shairi majina ya sehemu za jahazi ambayo mafundi wenyewe walikuwa wameanza kuyasahau. Yeye na Zein waliyafukua mashairi ya zamani ya upande wa Lamu yaliyokuwa yamebaki vinywani mwa wazee au katika miswada ya herufi za Kiarabu, na Zein akayatia katika nyimbo zake. Hapa mwanamuziki alikuwa akifanya kazi ambayo vyuo vikuu vilikuwa vimeanza tu kuifikiria, na aliifanya mbele ya watu waliokuja kula pilau.

Isidhaniwe kwamba wakati huo ulikuwa mwepesi kwa mtu aliyeshika udi. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ya kutafuta utamaduni wa taifa, na katika mabishano hayo Mswahili wa pwani aliulizwa mara kwa mara kama yeye ni wa hapa au ni wa ng'ambo. Lugha yake iliulizwa hivyohivyo, na ndiyo sababu kitabu cha Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, Historia ya Kiswahili, cha mwaka 1977, kiliandikwa kwa ari ya kutetea. Katika hali kama hiyo ala yenye jina la Kiarabu ilikuwa ushahidi rahisi mikononi mwa mshitaki. Gitaa la umeme lilipita bila ya kuulizwa pasi. Udi, uliokuwa jirani wa gambusi kwa karne nyingi, uliulizwa. Mwanamuziki mwenye hofu angeubadilisha. Angeweza pia kufanya kinyume, akajifungia katika Uarabu na kutafuta sifa huko. Zein hakufanya hili wala lile. Alitia katika muziki wake midundo ya ngoma za pwani, ile ambayo masikio ya watu wa Lamu na Mombasa yalikuwa yamekwisha kuizoea kabla ya kufika kwa ala yoyote ya nyuzi, na juu ya midundo hiyo akauweka udi wake na maneno yake. Hakuna barua ya utetezi iliyo bora kuliko hiyo, ingawa hakuna ushahidi kwamba yeye mwenyewe aliiona hivyo.

Soko, kwa upande wake, lilikuwa na sheria zake. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyimbo za Mombasa zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi kwa nembo ya Mzuri ya duka la Assanand la Mombasa. Humo walirekodi Zein na Bhalo, Matano Juma na Maulidi Juma, Yaseen na Zuhura Swaleh, ambaye kundi lake lilikipa kinanda cha Kijapani kiitwacho taishokoto nafasi ya mbele. Santuri hizo ni hazina, lakini zilikuwa na ukatili wake. Upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika chache, na wimbo ambao arusini uliweza kuendelea hadi watu waseme wametosheka uligawanywa pande mbili au ukakatwa. Kilichokatwa kwanza ni beti. Aliyenunua santuri alinunua lahani nzima na shairi nusu.

Arusini mambo yalikuwa mengine, na bila ya kulifahamu hilo haiwezekani kumfahamu mwimbaji wa taarabu. Msikilizaji hakukaa kimya akangoja mwisho apige makofi. Alipousikia mshororo uliomgusa, au aliotaka umguse mwenziwe aliyekaa safu ya pili, aliinuka na noti mkononi akaenda kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua kwamba kuna jambo. Tunza ilifuata neno. Mwimbaji ambaye maneno yake hayasikiki vizuri hakupata hasara ya heshima peke yake. Alirudi nyumbani na mfuko mwepesi. Kwa hiyo ule uangalifu wa Zein katika kulipisha neno mbele ya ala haukuwa wa mtu aliyeidharau riziki yake. Ulikuwa ndani ya desturi ya kazi yenyewe.

Katika miaka ya 1980 kanda zilizishinda santuri. Zilikuwa rahisi, zilinakiliwa dukani mchana kutwa, na mwanamuziki hakuona senti ya nakala hizo. Lakini zilikuwa na fadhila moja kubwa kwa mtu kama Zein: kanda iliweza kuchukua arusi nzima. Beti zilizokuwa zimekatwa zikarudi, pamoja na vicheko, vigelegele na mlio wa vikombe. Mtafiti wa leo atapata katika kanda za arusi picha ya taarabu iliyo kamili kuliko ile ya santuri, ijapokuwa sauti yake ina mikwaruzo.

Kisha kikaja kinanda cha umeme. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la East African Melody na wenzake walianza kueneza kutoka Tanzania taarabu mpya, yenye kinanda kimoja kilichoweza kujifanya fidla, filimbi na ngoma kwa pamoja, na yenye mwendo wa kuchezeka. Watu waliiita rusha roho. Watazamaji waliacha viti vyao wakaingia uwanjani. Wengi wa wapenzi wa taarabu ya zamani walilalamika kwamba neno limekufa, na malalamiko hayo bado yanarudiwa. Hayako sawa. Katika taarabu hiyo neno lilikuwa hai kupita kiasi, na tunza haikupungua. Kilichobadilika ni namna ya neno. Mpasho ulikuwa wazi. Ulimlenga mtu usoni, akaupokea papo hapo. Fumbo, lile ambalo Ahmad Nassir aliliweka ndani ya ubeti kama mtu afichaye dhahabu ndani ya mto wa kulalia, lahitaji utulivu. Lahitaji msikilizaji aliyekaa, na ala inayojua kunyamaza. Mdundo usiosimama haunyamazi. Malenga wa mafumbo hakufukuzwa na mtu. Alikosa tu nafasi ya kuingia.

Katika mabadiliko hayo Zein hakuuweka udi chini. Nafasi zake mjini zilipungua, kama zilivyopungua za wengi wa rika lake, kwa maana vijana wanaooa ndio wanaochagua muziki wa arusi, nao walitaka kucheza. Hata hivyo hapa historia inaleta kinaya ambacho wasifu wa kawaida wa msanii mwaminifu haukitaji. Wakati uleule ambapo mtindo wake ulikuwa ukichakaa Mombasa, ulianza kupendwa Ulaya. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa sahani yenye nyimbo zake kwa jina la Mtindo wa Mombasa, na baadaye zikafuata nyingine. Wasikilizaji wa huko walikuwa wanatafuta kile walichokiita asili, na mtu ambaye hakuwa amehama aligeuka kuwa mtindo mpya akiwa amekaa palepale.

Huo nao ni mtihani, tena mgumu kuliko ule wa kusahauliwa. Msikilizaji wa London hasikii fumbo. Kwake, sauti ya Zein ni ala mojawapo, na udi ndio wimbo. Mwanamuziki akimfuata msikilizaji huyo ataurefusha utangulizi wa udi peke yake, ule ambao Waarabu huuita taksimu, na kuzipunguza beti, kwa kuwa ndizo zisizoeleweka. Wako wanamuziki wa Afrika waliofuata njia hiyo, wakawa mabingwa wa ala na mabubu wa lugha yao. Nyimbo za Zein zilizorekodiwa kwa ajili ya soko la nje zina Kiswahili kilekile na mafumbo yaleyale; aliyezinunua bila ya kujua lugha alinunua kitu ambacho sehemu yake iliyo bora ilibaki imefungwa. Mtu anaweza kuliita hilo ukaidi. Linafanana zaidi na ile desturi ya arusini: huimba kwa ajili ya yule atakayeinuka.

Sasa yaweza kusemwa kwa nini Zein na Bhalo, waliokwenda njia mbili zinazopishana, wanasikika leo kama watu wa nyumba moja. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokubali kukibadilisha na kitu asichokubali. Bhalo aliitoa lahani akaliweka shairi. Zein aliitoa ala ya wazee akayaweka mahadhi yao na lahaja yao. Hasara ya uchaguzi wa Bhalo ni kwamba waliomfuata waliweza kuichukua nusu iliyo rahisi, yaani lahani, na kuiacha iliyo ngumu. Hasara ya uchaguzi wa Zein ni kwamba waliomfuata walikuwa wachache, kwa sababu njia yake haikuwa na nusu rahisi. Yeyote aliyetaka kuimba kama yeye alipaswa kuujua udi, kukijua Kiamu na kuzijua tenzi, na hakuna shule iliyoyafundisha yote matatu chini ya paa moja.

Mwaka 2005 santuri za Mombasa za kati ya 1965 na 1975 zilikusanywa Ufaransa katika sahani ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, na humo Zein na Bhalo wamewekwa pamoja, jambo lililowafurahisha wale waliokuwa vijana wakati huo na kuwashangaza wajukuu zao. Bhalo alifariki mwaka 2014, Zein mwaka 2016, na Ahmad Nassir, aliyewatungia wote wawili, mwaka 2019. Udi unafundishwa tena, kwa mfano katika chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichoanzishwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vidole vyepesi havikosekani. Mwanafunzi anayetaka kuimba nyimbo za Lamu hukwama mahali pengine. Huisikiliza santuri, huipata lahani siku ya kwanza, kisha hufika kwenye mshororo ambao neno lake moja halimo katika kamusi wala halitamkwi tena mitaani, na shairi lenyewe, kwa kuwa upande wa santuri ulikuwa wa dakika chache, linakatika kabla ya ubeti ambao ungelilifafanua. Beti zilizobaki zimo katika madaftari ya nyumbani, Lamu na Mombasa, baadhi kwa herufi za Kiarabu, na katika kanda za arusi zinazoharibika kwa unyevu wa pwani.